Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?

Samaki wangu watatu wa baharini walisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Musoma wakiwa mapajani mwangu. Wawili walikuwa wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wale ambao watoto wa siku hizi wote wanawaita Nemo. Wa tatu alikuwa wa buluu, mdogo kama kidole gumba. Kila mmoja alikuwa na mfuko wake mnene wa plastiki, na mifuko yote nilikuwa nimeipanga ndani ya ndoo yenye mfuniko. Kwenye buti kulikuwa na madumu manne ya maji ya bahari, na kondakta aliyatoza kama mzigo mwingine wowote. "Kaka, yaani unapeleka maji ziwani?" akauliza kwa sauti. Basi zima likacheka. Nami nikacheka.

Tulifika Bunda kukiwa kunapambazuka. Nikafunua ndoo nikachungulia kwa tochi ya simu. Wote walikuwa hai. Nikajiona kama baba.

Siku kumi baadaye wote walikuwa wamekufa.

Tangu hapo kuna swali limenikalia kooni, nami naliandika hapa kwa sababu sijapata mahali pengine pa kulitua: je, niliwaua? Sisemi walikufa mikononi mwangu. Nauliza kama niliwaua. Najua kuna watakaoniona nimekosa kazi. Nivumilie kidogo, msomaji, maana swali hili lilianzia kwenye tangi la kioo na halikuishia hapo.

Kwanza nieleze kilichotokea. Muuzaji aliniambia, "Hawa hawana shida, bosi. Unawamwaga tu, wanakula." Nikafanya hivyohivyo. Nilikuwa na tangi la lita 80 nililotengenezewa na fundi wa madirisha ya vioo hapa Musoma. Nikamimina maji ya madumu, nikawasha pampu ya hewa, nikasubiri kama saa moja, nikafungua mifuko na kuwamwaga samaki pamoja na maji yao. Nikawapa chakula. Walipokula nikafurahi, nikawaongezea. Maji yalipopungua nikajazia yale ya bahari yaliyobaki kwenye dumu. Usiku wa tatu umeme ukakatika, pampu ikazima, nami nimelala.

Wa buluu alikufa siku ya pili. Wa chungwa mmoja alikufa siku ya tano, mwenzake siku ya kumi. Na muda wote huo maji yalikuwa maangavu kabisa. Hilo ndilo lililonichanganya. Ungeweza kusoma gazeti kupitia lile tangi.

Nikampigia rafiki yangu mmoja aliyesomea mambo ya samaki. Hakunipa pole. Aliuliza: "Tangi lilikaa na maji muda gani kabla ya samaki kuingia?" Nikamwambia saa moja. Akanyamaza, mpaka nikadhani simu imekatika. "Saa moja?" akarudia. "Ilitakiwa wiki sita."

Ndipo akanifundisha, na nawe nakupa kama nilivyopewa. Samaki hutoa sumu iitwayo amonia kupitia mashavu yake na kinyesi chake. Baharini sumu hiyo inapotelea kwenye maji yasiyo na mwisho. Kwenye tangi inabaki palepale, na haionekani kwa macho. Kinachomwokoa samaki wa tangini ni bakteria wanaoota juu ya mawe na mchanga. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina nafuu kubwa. Makundi haya yanahitaji wiki nne, sita, au hata zaidi kuongezeka mpaka yatoshe. Maana yake ni kwamba tangi linatakiwa kuwashwa, kutiwa chumvi, kutiwa amonia kidogo, na kuachwa bila samaki hata mmoja, huku wewe unapima maji na kusubiri. Unafuga maji kwanza, samaki baadaye.

Mfuko wa safari nao una mambo yake. Ndani ya mfuko uliofungwa, pumzi ya samaki inayafanya maji yawe na tindikali, na tindikali hiyo inaibana amonia isidhuru sana. Ukifungua, gesi inatoka, maji yanabadilika, na amonia ileile inageuka kali. Kwa hiyo mfuko unauelea tangini ukiwa bado umefungwa, dakika 15 hadi 20, mpaka joto lilingane. Chumvi ya tangi unakuwa umeshailinganisha na ya mfuko mapema. Ukishafungua usichelewe: unamhamisha samaki peke yake, na maji aliyokuja nayo unayamwaga nje. Unazima taa. Siku ya kwanza humlishi, au unampa kidogo sana. Na kama una samaki wengine, mgeni hakai nao mwanzoni. Anawekwa tangi lake la karantini kwa wiki nne hivi, maana anaweza kuwa na vidudu vinavyojitokeza kama chembe za chumvi kwenye ngozi, navyo vikiingia kwenye tangi kubwa vinamaliza wenyeji wote.

Lililonichoma zaidi lilikuwa lile la kujazia maji. Maji ya tangi yanapopungua kwa joto, yanayoondoka ni maji matupu. Chumvi inabaki. Mimi nilipojazia maji ya bahari nilikuwa naongeza chumvi juu ya chumvi, mpaka ikazidi zile gramu 35 hivi kwa lita ambazo bahari yenyewe inazo. Nilitakiwa kujazia maji baridi, kama haya ya Ziwa Victoria yaliyo mita chache kutoka mlangoni kwangu, yakishasafishwa na kutolewa klorini. Kumbe kondakta alicheka mzigo sahihi.

Mama yangu aliponiona nimenuna alishangaa. "Mwanangu, umezaliwa Musoma, leo unalilia samaki?" Na kweli. Nenda Mwigobero alfajiri yoyote uone samaki wanavyoshushwa kwenye mitumbwi, wengine bado wanatikisa mikia. Kwetu samaki hafi, samaki anapatikana. Nimekula samaki tangu sijaota meno na sijawahi kujuta hata siku moja. Kwa nini basi hawa watatu?

Nimelitafakari swali la mama, na jibu nililopata ni hili. Mvuvi hamwahidi samaki chochote. Anamtafuta, anampata, anamuua, familia inakula. Unaweza kuupenda utaratibu huo au kuuchukia, lakini hauna uongo ndani yake. Mimi niliponunua wale watatu wakiwa hai, nilitoa ahadi. Uhai wao ndio niliokuwa nanunua, na bei ilikuwa juu kwa sababu wapo hai. Ukinunua samaki mfu, ukishalipa biashara imeisha. Ukinunua samaki hai, ukishalipa ndiyo kwanza biashara imeanza. Deni linabaki kwako, na anayekudai hana mdomo wa kudai.

Halafu kuna lile neno tunalolipenda sana: sikujua. Nililitumia mwenyewe siku tatu nzima. Sikujua habari za amonia. Sikujua habari za wiki sita. Lakini mimi ni mwandishi wa habari. Kuuliza ndiyo kazi inayonilisha. Kwa habari ya aya nne kuhusu bei ya dagaa napiga simu kwa watu watatu, maana mhariri hawezi kunielewa nikija na chanzo kimoja. Kwa uhai wa viumbe watatu nilimuuliza mtu mmoja tu, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa anapokea pesa yangu. Kuna kutojua kwa mtu aliyefungiwa mlango, na kuna kutojua kwa mtu ambaye hakubisha hodi. Kwangu mimi, la kwanza ni bahati mbaya. La pili ni kosa, hata kama mkosaji ana moyo mzuri. Na mimi moyo wangu ulikuwa mzuri sana.

Hapo ndipo nilipoinua macho nikaliangalia ziwa lenyewe.

Ziwa Victoria nalo lina habari ya samaki mgeni, na watu wa Mara tunaijua kwa matumbo yetu. Ushahidi unaonyesha kwamba miaka kama 15,000 iliyopita ziwa hili lilikuwa limekauka. Baada ya kujaa tena wakatokea humo furu wa aina zaidi ya 500: wa kukwangua mwani kwenye mawe, wa kuvunja konokono, wa kula samaki wenzao, wa kula chawa wa maji. Wazee wetu waliwaita wote furu, wakawakausha na kuwala. Kisha katika miaka ya 1950 sangara wakatiwa ziwani upande wa Uganda, kimyakimya, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakapandikizwa rasmi. Nia ilikuwa njema: samaki mkubwa mwenye nyama, awale wale wadogo wenye miba wasio na bei, watu wapate chakula na fedha.

Wapo waliobisha hodi. Mwaka 1960 mtafiti wa samaki, Geoffrey Fryer, aliandika kupinga mpango huo, akionya kwamba mla samaki mkubwa namna ile hatabaki na adabu ndani ya ziwa ambalo halikumjua. Hakusikilizwa. Hakukuwa na karantini wala tangi la pembeni la kumjaribia mgeni. Alimwagwa pamoja na maji yake. Kwa miaka ishirini hivi ikaonekana hamna neno, maji maangavu kama ya tangi langu. Katika miaka ya 1980 sangara wakalipuka, na wanasayansi wanakadiria kwamba aina 200 hivi za furu zilitoweka. Si sangara peke yao. Uvuvi, tope na uchafu wa mashambani na mijini vilichangia. Na kama hiyo haikutosha, mwishoni mwa miaka hiyohiyo likaja gugumaji, mmea wa Amerika ya Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu ya maua yake. Pambo. Likaziba gati na mialo, mitumbwi ikashindwa kupita.

Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni msemo mzuri, na nimeutamka mara nyingi mlangoni kwetu nikiwa na maana yake. Lakini unadai kitu ambacho hatukitaji: kwamba mwenyeji awe amejiandaa, na mgeni awe anajulikana. Bila hayo mawili, mmoja wao atakufa. Tangini kwangu alikufa mgeni. Ziwani walikufa wenyeji. Kosa ni lilelile, limegeuzwa tu.

Hapa ningeweza kufunga hoja na kuondoka kifua mbele. Lakini mama yangu bado yumo kwenye habari hii, na hawezi kuachwa nje.

Sangara ndiye aliyenisomesha. Viwanda vya minofu vilipoanza kupeleka samaki Ulaya, kilichobaki kilikuwa mapanki, yaani kichwa na mgongo baada ya minofu kukatwa. Mama alikuwa akinunua mapanki, anayakaanga, anayauza kwa beseni. Daftari zangu zilinuka mafuta yale. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwa hofu ya sumu iliyokuwa inatumika kuvulia, mapanki yakakatika na sisi tukakaa. Nakumbuka mwaka ule kwa mambo mawili: nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, na Mwalimu alifariki. Kwa hiyo nikisema sangara aliharibu ziwa, nasema kwa mdomo uliolishwa naye. Mgeni yule aliua wenyeji mia mbili akaniponya mimi. Sijui mizani ya kupimia hilo. Ninachojua ni kwamba faida iliyokuja baadaye haiwezi kurudi nyuma ikageuka ruhusa. Walioleta sangara hawakukosea kwa kuwa matokeo yote yalikuwa mabaya. Mengine yalikuwa mazuri, mimi ni mmojawapo. Walikosea kwa kucheza na uhai wasioujua wakati kuna mtu anawaambia subirini.

Oktoba iliyopita nilikwenda Butiama kikazi, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu. Nilipomaliza kurekodi nikapita kwa mjomba wangu, kaka yake mama, mzee wa maneno machache. Nikamwonyesha kitu kwenye simu. Ilikuwa picha ya furu dume: mgongo mwekundu kama kaa la moto, ubavu wa njano wenye mistari myeusi. Mwaka 1985 watafiti wa Kiholanzi waliokuwa wakifanya kazi Mwanza, Els Witte-Maas na Frans Witte, walimweleza kisayansi furu huyu na kumpa jina la Rais wa nchi aliyetoka hapa Butiama. Mwaka 1998 akawekwa kwenye kundi lililopewa jina la Kiswahili kwa sababu ya mistari yake. Leo anaitwa Pundamilia nyererei, na anauzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo Ulaya na Marekani.

Mjomba aliivuta simu karibu na macho. "Kwa hiyo Mwalimu anafugwa?"

"Siyo Mwalimu, mjomba. Samaki mwenye jina lake."

"Na anaishi?"

Nikamweleza kwamba anaishi vizuri tu, anazaa, wafugaji wanamjua mpaka kisiwa alikovuliwa. Nikamwambia pia kwamba nyererei bado wapo ziwani, ila kuna furu wengine ambao wakati wa maangamizi ya miaka ya 1980 na 1990 walichukuliwa na watafiti na bustani za wanyama za nje, wakahifadhiwa kwenye vioo wasipotee kabisa. Nilitegemea afurahi, au akasirike kwamba Wazungu wametuchukulia na samaki. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza, "Na maji wanayatoa wapi?"

Nikasema wanayatengeneza. Wanapima, wanachuja, wanarekebisha.

"Wakitaka kumrudisha," akasema, "sisi tutampa maji gani?"

Nilikosa jibu, na mpaka leo sina kamili. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti kuhusu furu hawa. Jike huchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa na tope na mwani mwingi, rangi hazionekani, jike anakosea, aina mbili zinachanganyika na kuwa moja. Hakuna aliyeliwa, hakuna aliyevuliwa. Giza la maji peke yake limetosha. Aliye kwenye kioo cha mbali bado ana rangi zake kwa sababu kuna mtu anayemchujia maji kila wiki. Amehifadhiwa, ndiyo. Lakini kwenye kioo samaki anasubiri kitu, na anachosubiri ni sisi.

Kwa hiyo nimelijibu swali langu nusu. Ndiyo, niliwaua. Wala si kwa ukatili, bali kwa kuanza na samaki badala ya kuanza na maji. Nadhani hilo ndilo kosa la watu wengi wenye mioyo mizuri: tunapenda kiumbe, hatupendi kazi isiyoonekana inayomweka hai. Tunapokea mgeni kwa vigelegele, halafu hatuna godoro. Wahenga walituasa mgeni siku mbili, ya tatu umpe jembe. Wangefuga samaki wangesema kinyume chake: jembe ni la mwenyeji, nalo linashikwa wiki sita kabla ya mgeni kufika.

Tangi langu bado lipo sebuleni. Nimelijaza upya kwa chumvi niliyoagiza na maji baridi niliyoyatoa klorini, nikatia mawe na mchanga, na betri ndogo ya kuendesha pampu umeme ukikatika. Napima maji kila Jumapili na kuandika kwenye daftari. Wiki ya tatu amonia ilianza kushuka. Wiki ya saba ilikuwa haipo, na nitriti haipo. Rafiki yangu akasema sasa unaweza kununua.

Sijanunua. Nikinunua, kuna mahali baharini ambapo samaki huyo alikuwa hadai mtu yeyote kitu, na bado sijapata sababu ya kumtoa huko zaidi ya kwamba ni mzuri. Mtoto wa jirani huja jioni kukaa mbele ya kioo. Juzi aliuliza, "Anko, mbona hamna samaki?"

Nikamwambia kuna maji.

Akasogea, akaweka pua kwenye kioo, akaangalia muda mrefu kweli.